Dawa, fukusi au vyote viwili? Namna ya kuchagua njia ya kuondoa gugu maji kwenye malambo ya Dodoma

Mei mwaka juzi nilisimama juu ya tuta la lambo moja upande wa Chamwino, pembeni yangu mzee mmoja mwenye shamba la zabibu. Maji hayakuonekana. Kilichoonekana ni zulia la kijani lenye maua ya zambarau kutoka tuta hadi ng'ambo, na ng'ombe ukingoni wakihangaika pa kutia midomo. Inasemekana kuna mtu alileta mche mmoja kwenye ndoo kwa sababu ya uzuri wa ua lake.

"Sasa mwanangu," mzee akaniuliza, "tulipige dawa, au tuwalete hao wadudu wenu?"

"Wadudu, mzee," nikajibu bila kufikiri sana. Wadudu tuliokuwa tukiwasema ni fukusi, ambao chakula chao ni gugu maji.

Nilikosea. Mwaka uliofuata kijiji nacho kikakosea kwa upande wa pili, kikapiga dawa. Makosa yote mawili nitayasimulia humu, kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha kulinganisha njia hizi kuliko semina zote nilizokaa.

Kwanza ujue ni gugu gani

Watu wetu huita kila kinachoelea "gugu maji", na hapo ndipo fedha huanza kupotea. Gugu maji lenyewe lina kikonyo kilichovimba kama puto na ua la zambarau. Salvinia ni jamii ya mimea kama kangaga, ina vijani vidogo vyenye vinyweleo vinavyokataa maji, haitoi ua wala mbegu inayoota. Miaka ya karibuni imeonekana Ziwa Victoria upande wa Mwanza. La tatu ni pistia, linalofanana na kabichi ndogo au saladi iliyofunguka.

Kwa dawa tofauti hiyo ina uzito wake. Kwa wadudu ni kila kitu. Fukusi wa gugu maji hatagusa salvinia hata afe njaa, na fukusi wa salvinia, kijidudu cha milimita 2 hivi kiitwacho *Cyrtobagous salviniae*, hana habari na gugu maji. Uchaguzi huo wa chakula ndio unaowafanya wawe salama kuachiwa karibu na mchicha na mahindi yetu.

Kuna jambo jingine ambalo kwa Dodoma ni kubwa zaidi. Salvinia haina mbegu, kwa hiyo lambo likikauka kabisa, nayo imekwisha. Gugu maji lina mbegu zinazoweza kulala kwenye tope miaka 15 na zaidi, zikingoja maji. Kuanzia hapa nitasema zaidi kuhusu gugu maji, kwa sababu ndilo lenye ubishi.

Dawa ikiwa peke yake

Sifa ya dawa ni mwendo. Gugu maji likiwa kwenye maji yenye samadi ya kutosha linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili. Kama mlango wa maji umezibwa leo na mifugo inanywa leo, huwezi kumwambia mfugaji asubiri miaka mitatu.

Kemikali zinazotajwa sana ni tatu. Glifosati huingia kwenye jani na kusafiri hadi shinani, ila taratibu: jani huanza kuwa njano wiki ya kwanza au ya pili, na mmea hufa kabisa baada ya wiki kadhaa. 2,4-D nayo husafiri ndani ya mmea, na huonyesha nguvu zake mapema, vikonyo vinajipinda kama vimeumwa na tumbo. Dikwati huunguza pale ilipogusa tu, na kwa siku chache jani limekuwa kahawia.

Ubaya wake ni huu. Zulia zima likifa kwa mkupuo mmoja, linaoza kwa mkupuo mmoja, na kuoza kunakula oksijeni. Samaki wataelea. Ndiyo maana wanaojua hupiga kwa vipande, theluthi moja au chini ya hapo kwa wakati, kisha wanangoja wiki mbili au zaidi. Halafu kile kilichooza kinarudisha chakula majini, na mbegu za kwenye tope zinapata mwanga. Mwaka unaofuata unanunua tena.

Dodoma ina mambo yake mengine ambayo karatasi ya kwenye chupa haiyasemi kwa sauti. Glifosati na dikwati hushikana na udongo. Ukichota maji ya lambo yenye rangi ya chai ya maziwa ukayatia kwenye bomba la mgongoni, nusu ya kazi umeshaiua kabla hujaanza. Maji ya visima vyetu nayo yana chumvi na chokaa, ukoga mweupe kwenye birika la chai ni shahidi, na chokaa hiyo huishika glifosati. Tiba yake ni ya dukani: mbolea ya SA (salfeti ya amonia), kilo 2 kwa lita 100, yaani gramu 320 kwenye bomba la lita 16, ikoroge iyeyuke kwanza ndipo utie dawa, kama lebo inaruhusu. Vumbi juu ya jani lina shida ileile. Mwezi Septemba jani la gugu lina vumbi na limesinyaa, halinywi dawa. Aprili mwishoni na Mei, mvua zikiwa zimekatika na mmea bado una afya, ndiyo saa yake.

Fukusi wakiwa peke yao

Wako aina mbili, *Neochetina eichhorniae* na *Neochetina bruchi*, asili yao Amerika Kusini kama gugu lenyewe. Mdudu kamili ana urefu wa milimita 4 hadi 5, rangi ya vumbi, na hula usiku. Mchana usimtafute yeye, tafuta alama zake: vikwaruzo vidogo juu ya jani, kama mtoto amekwangua kwa ukucha. Pasua kikonyo kwa kisu, utakuta funza mweupe mwenye kichwa cha rangi ya chungwa akichimba kuelekea shinani, na nyuma yake njia nyeusi iliyoanza kuoza. Huyo ndiye muuaji hasa. Akishiba anashuka kwenye mizizi, anajifungia humo chini ya maji mpaka awe mdudu kamili. Kutoka yai mpaka hapo ni miezi mitatu hadi minne.

Ushahidi mkubwa tunao hapa kwetu. Gugu maji lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, Mto Kagera ukiendelea kulisukuma humo. Uganda waliachia fukusi mwaka 1995, Kenya na Tanzania mwaka 1997. Mwaka 1998 ziwa lilikuwa na hekta zipatazo 20,000 za gugu, na miaka miwili baadaye sehemu kubwa ilikuwa imezama. Wapo wanaosema mvua za El Niño za 1997/98 na mawimbi yalichangia, na nadhani wana hoja. Mmea uliokwisha kutobolewa na funza hauhimili dhoruba.

Basi kilichonikwamisha Chamwino ni nini? Tulipata fukusi, tukawaachia Mei, alama zikaonekana Julai, nikaanza kujisifu. Oktoba lambo likashuka mpaka gugu likakaa juu ya tope. Mizizi ikakosa maji, na wale waliokuwa wamejifungia kwenye mizizi wakakauka pamoja nayo. Desemba mvua ikanyesha, mbegu zikaota, miche mizuri isiyo na kikwaruzo hata kimoja. Gugu lilirudi na mdudu hakurudi.

Kwa hiyo fukusi ni wa mahali penye maji mwaka mzima. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, au Mtera, ni mahali ambapo kikitokea kitu ningefikiria wadudu kwanza. Lambo la kijiji, angalia kwanza Oktoba linakuwaje.

Baridi ya Juni na Julai, ambayo huku tunailalamikia sana, huwapunguza kasi lakini haiwaui. Kinachowashinda zaidi ni samadi. Mahali ambapo ng'ombe mia tatu wanaingia majini kila siku, gugu linaota haraka kuliko funza anavyotafuna.

Kwa kutazama haraka

| | Dawa peke yake | Fukusi peke yao | Vyote viwili |
|---|---|---|---|
| Lini utaona tofauti | Siku hadi wiki chache | Miaka 2 hadi 5 | Njia ya maji mapema, kwingine polepole |
| Lambo linalokauka | Linafunguka, mbegu zinarudi | Usihangaike | Usihangaike |
| Bwawa la kudumu | Gharama kila mwaka | Linafaa | Linafaa zaidi |
| Maji yanayonywewa na watu | Epuka | Sawa | Epuka karibu na mchoteo |
| Zabibu au alizeti jirani | Hatari, hasa 2,4-D | Sawa | Glifosati tu, asubuhi bila upepo |
| Anayehitajika | Mpigaji aliyefundishwa | Mtu wa kukagua kila mwezi | Wote wawili, na wasikilizane |

Mstari wa mwisho ndio unaoangusha miradi mingi. Mpigaji dawa analipwa kwa eneo aliloua, na mfuga wadudu anataka eneo libaki. Wasipokaa meza moja, wa kwanza ataua chakula cha wa pili akidhani anamsaidia.

Kuchanganya si kumwaga vyote mahali pamoja

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu watu husikia "njia shirikishi" wakadhani ni kuachia wadudu asubuhi na kupiga dawa jioni.

Tatizo liko hivi: dawa ya magugu mara nyingi haimuui fukusi mkubwa moja kwa moja, inaua nyumba yake. Yai, funza na wale wa kwenye mizizi hawana miguu ya kukimbilia, wanazama na mmea. Wakubwa wanaweza kuhama, ila kwa kutambaa zaidi kuliko kuruka, na wanahitaji mmea hai jirani na muda wa kuufikia. Kwa hiyo dawa inayoua polepole inapatana na wadudu kuliko inayoua haraka. Glifosati inawapa wiki za kuondoka. Dikwati inawapa siku chache, na yenyewe pamoja na baadhi ya sabuni zinazochanganywa kwenye viuagugu imeonekana kuwadhuru wadudu wenyewe. Kama mpango wako una fukusi, dikwati iache dukani.

Jambo la pili ni hifadhi, sehemu ya gugu ambayo haitapigwa kamwe. Huko Florida, ambako wamepiga dawa na kufuga fukusi kwenye mito ileile kwa miongo mingi, walijifunza kwamba ukipiga kila mahali kila mara, wadudu hawajengi idadi ya kutosha hata kama wapo. Mimi huacha si chini ya robo ya eneo. Ipi? Upepo wa Dodoma kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka mashariki, kwa hiyo gugu hujikusanya lenyewe upande wa magharibi. Iache hapo. Lizungushie kamba iliyofungwa madumu matupu ya lita 20 ili lisirudi kuziba mlango siku upepo ukigeuka. Madumu yanaelea, hayagharimu kitu, na yanampa mpigaji dawa mpaka unaoonekana. Nilishawahi kutegemea maneno matupu, "usivuke ule mti". Alivuka.

Upande wa mashariki na kuzunguka mlango wa maji na utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, ndipo penye kupigwa, kwa mkanda mwembamba, mmoja baada ya mwingine. Ukiweza kuvuta ukingoni yale yaliyokufa na kuyarundika mbali na maji, vuta, ili yasioze na kulisha yaliyobaki. Vaa buti ndefu. Kwenye malambo yetu konokono wa kichocho hawajui kama wewe ni mtaalamu.

Kuna njia ya tatu ambayo vijana waliosoma huipenda: dozi ndogo. Afrika Kusini, watafiti walionyesha mwaka 2008 kwamba glifosati kwa kipimo kilichopunguzwa hudumaza gugu bila kuliua, na fukusi wanabaki hai na kulishinda lililodumaa. Ni wazo zuri kweli, linamfunga adui mikono ili mdudu ampige. Lakini kwa bomba la mgongoni, nozo iliyolika na mpigaji anayetembea haraka jua likimchoma, kipimo hicho huwezi kukishika. Pale utapata kifo, hapa kudumaa, kule hakuna kitu. Ningeliacha kwa wenye vifaa na watu wa kupima. Kijijini, piga dozi kamili kwenye mkanda mdogo na uache hifadhi nzima nzima.

Mizabibu

Sasa kosa la pili. Baada ya wadudu wangu kufa, kijiji kilichanga fedha na kumpata kijana mwenye bomba. Duka lilimuuzia 2,4-D, kwa maelezo kwamba "inaua majani mapana, nyasi inaziacha, ng'ombe watapata malisho". Maelezo yalikuwa kweli. Kilichosahaulika ni kwamba mzabibu nao una majani mapana, na katika mimea ninayoijua hakuna unaoiogopa 2,4-D kuliko huo. Alipiga saa tano asubuhi, upepo umeshaamka.

Baada ya wiki moja na nusu mzee aliniita shambani kwake. Hakusema kitu, alinipa jani tu. Mishipa yake ilikuwa imesongamana, kingo zimechongoka, jani zima limejikunja kama feni iliyofungwa nusu. Machipukizi yote ya upande unaotazama lambo yalikuwa hivyo. Mzabibu haukufa. Ila msimu ule upande ule haukumpa kitu cha kupeleka sokoni.

Aina nyingine za 2,4-D hugeuka mvuke hata baada ya kukauka, kwa hiyo si matone tu ya kuogopa. Mahali kama Hombolo, Mpunguzi au Mvumi, penye zabibu, karanga na alizeti karibu na maji, mimi dawa hii siiweki hata kwenye orodha ya kujadiliwa. Glifosati nayo itaudhuru mzabibu ikiugusa, lakini haina mvuke wa kusafiri, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bila upepo, nozo ikiwa chini, unaweza kuidhibiti. Hakikisha tu ni bidhaa iliyoruhusiwa kutumika majini. Baadhi ya zile za shambani zina sabuni inayodhuru samaki na viluwiluwi kuliko glifosati yenyewe. Kuhusu afya ya binadamu, shirika la utafiti wa saratani la IARC liliiweka glifosati mwaka 2015 kwenye kundi la "yaelekea inasababisha saratani", mamlaka nyingine kama EPA, ile ya mazingira ya Marekani, hazikukubali. Mimi navaa glavu na barakoa na siruhusu ipigwe penye mchoteo wa watu.

Nani wa kumwomba ruhusa

Hili ni fupi lakini linachelewesha. Kiuagugu lazima kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na wadudu nao hawahamishwi kiholela. Kwa maji yenyewe, mkoa wa Dodoma umegawanyika kati ya mabonde matatu: upande wa Hombolo ni Wami/Ruvu, ofisi kuu Morogoro, Bahi ni Bonde la Kati, ofisi Singida, na Mtera ni Rufiji, ofisi Iringa. Uliza bwawa lako liko bonde gani kabla hujapanda basi. Na ile marufuku ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, ya kufanya shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za maji, si ya nyumba tu. Bustani na zizi vikirudishwa nyuma, samadi inapungua majini, na hapo dawa na fukusi wote wanapata nafuu.

Tahadhari moja kwa wanaotaka kuwachukua fukusi Kanda ya Ziwa: beba wadudu wakubwa tu, waliookotwa kwa mkono, kwenye chombo chenye vipande vya majani vilivyooshwa. Ukibeba gugu zima na mizizi yake, unaweza kutuletea salvinia huku kama abiria asiye na tiketi.

Ningechagua nini

Bwawa la kudumu, kubwa, lenye wavuvi: fukusi ndio uti wa mgongo, dawa ni ya kufungua njia tu, na hifadhi ya madumu isiyoguswa. Bwawa la kudumu ambalo watu wanakunywa: fukusi na mikono, dawa hapana. Bwawa lililozibwa kabisa na mashine ya umwagiliaji imekwama: glifosati kwa mikanda sasa, fukusi kwenye robo iliyobaki mwezi huohuo, wala usingoje umalize kupiga ndipo uwalete, maana hutakuwa na cha kuwalisha.

Na lambo la mzee? Lile halikuhitaji dawa wala fukusi. Oktoba iliyopita lilipokauka, watu walikwangua mabaki kwa majembe wakayachoma mbali na kingo. Zizi la karibu likasogezwa juu. Desemba, wiki ya pili baada ya mvua kushika, miche ikaanza kutokeza kwenye maji ya kina kifupi, kila mmoja na majani mawili matatu, mdogo kama kijiko cha chai. Mzee alikuja na ndoo na wajukuu wake wanne. Kila mmoja alipewa upande wake wa lambo, na ndoo ikijaa, miche inaanikwa juu ya mawe. Wanarudia kila Jumamosi mpaka Machi, na mbegu za kwenye tope bado zipo za miaka.

"Ule ua," mzee aliniambia akimwaga ndoo ya tatu, "sasa nikiuona hata kwenye khanga nasisimka."